MOTOKAA MBOVU NA THAMANI YAKE

Mwezi wa Agosti mwaka 2023 palikuwa na mnada huko Monterey, katika California ya Marekani, na miongoni mwa vitu vilivyonadiwa ilikuwako motokaa moja ya Italia ambayo mtu asiyeijua angedhani ni bati lililotupwa jalalani. Bodi yake ilikuwa imebondeka na kukunjamana kama karatasi iliyofinyangwa mkononi, na rangi yake ililiwa na moto miaka mingi iliyopita. Haikuweza kwenda hata hatua moja. Hata hivyo ilipata mnunuzi, naye alitoa dola 1,875,000.

Habari hiyo ilifika kwetu Mhunze kwa picha iliyopita katika simu za mkono, kutoka mtu hata mtu, na watu waligawanyika. Wengine walicheka, wakasema fedha ikizidi akili hupungua. Wengine walidhani ni uongo. Lakini mzee mmoja, mfugaji wa tangu ujana wake, hakucheka. Aliitazama ile picha kwa muda mrefu, kisha akauliza: “Ng’ombe akifa, watu hununua ngozi. Je, hii walinunua nini?”

Swali hilo sisi twaliona jema kuliko kicheko, na ndilo tutakalojaribu kulijibu. Wala halihusu matajiri wa Marekani peke yao. Katika nchi yetu hii, tangu Shinyanga hata machimbo ya dhahabu ya Geita, hapana siku ya mnada isiyokuwa na mtu auzaye kitu kibovu na mtu mwingine akinunua: mashine ya kusaga isiyowaka, trekta lisilo na giaboksi, pikipiki ambayo mwenyewe aapa kuwa yataka plagi tu. Mwenye kununua kitu kibovu hununua matumaini pamoja nacho, na matumaini hayana mizani. Kwa hiyo yafaa tujue ni nini hasa kinunuliwacho.

Kwanza tuseme habari za ile motokaa. Ilikuwa Ferrari ya aina iitwayo 500 Mondial, iliyofanyizwa mwaka 1954. Jina la Mondial lilitolewa kwa heshima ya ubingwa wa dunia alioupata Alberto Ascari mwaka 1952 na mwaka 1953 akiendesha motokaa za Ferrari. Bodi yake ilifuliwa na mafundi wa Pinin Farina wa mji wa Turin, na mwaka ule ule wa 1954 ikaingia katika mashindano ya Mille Miglia, yaani maili elfu, yaliyoanza Brescia yakaenda Roma na kurudi. Baadaye ilivushwa bahari ikafika Marekani. Injini yake ya kwanza ikaondolewa, na katika miaka ya 1960 ikapata ajali ikaungua. Tangu hapo haikutengenezwa tena. Ilikaa ghalani pamoja na Ferrari nyingine, na mwaka 2004 tufani ilipopiga Florida, ghala lile likaharibika juu yao.

Basi, mzee wetu, kilichonunuliwa si ngozi wala nyama. Kilichonunuliwa ni ushahidi. Motokaa ile ilikuwa na namba yake, 0406 MD, na habari zake zilijulikana tangu kiwandani mpaka mnadani: nani aliiendesha, kwamba iliungua, wapi ililala. Bati lenyewe, hata likiwa limekunjamana, lilikuwa bati lile lile lililoguswa na nyundo za mafundi wa Turin mwaka 1954. Mtu aweza leo kufua bati jipya lenye umbo lile, tena zuri zaidi. Lakini hawezi kulifanya liwe limekwenda Roma na kurudi mwaka ule.

Sisi wa Mhunze tunayo njia ya kulifahamu jambo hili, kwa kuwa si mbali nasi liko shimo la almasi la Mwadui, lililoanzishwa mwaka 1940 na Dakta John Williamson wa Kanada. Mwaka 1947 shimoni humo iliokotwa almasi ya rangi ya waridi yenye uzito wa karati 54.5. Williamson alimtunukia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kwa ajili ya arusi yake. Ilipokwisha kukatwa na kusuguliwa ilikuwa na karati 23.6 tu. Zaidi ya nusu yake iligeuka vumbi, wala hapana aliyelia, kwa sababu jiwe hupata thamani kwa kupunguzwa. Mwenye kukata almasi huondoa ili uzuri uliofichwa ndani uonekane.

Motokaa ya zamani ni kinyume chake. Uzuri wake haukufichwa ndani. Umo katika kile kilichosalia. Fundi akiondoa bati bovu akatia jipya, kesho akaondoa viti akatia vipya, kesho kutwa akatupa injini akaleta ya namna nyingine, siku moja atakuwa na motokaa inayong’aa kama kioo, lakini haishuhudii kitu. Amekata almasi mahali pasipo almasi. Ndiyo maana mafundi wenye hekima katika kazi hii huanza kwa kuandika, si kwa kufungua. Hupiga picha kila nati kabla ya kuilegeza, huweka kila kipande katika mfuko wenye jina, na bati liwezalo kunyooshwa hulinyoosha, hata kama kununua jipya kungekuwa kwepesi. Kazi yao ni kurudisha, na mtu hawezi kurudisha asichokijua.

Labda msomaji atasema, “Mambo ya Italia yatuhusu nini?” Lakini motokaa za Italia si wageni kabisa katika Afrika ya Mashariki. Mwaka 1953 yalianzishwa mashindano ya motokaa kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth yule yule, nayo yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, katika vumbi na matope ambayo Wazungu wa Ulaya hawakuyazoea. Ndiyo yaliyokuja kuitwa Safari Rally. Kampuni ya Lancia ya Turin iliyatamani kwa miaka mingi. Motokaa zake za Stratos, zilizokuwa mabingwa wa dunia mwaka 1974, 1975 na 1976, hazikupata kushinda huku kwetu hata mara moja. Ushindi ulikuja mwaka 1988 kwa Lancia Delta iliyoendeshwa na Miki Biasion, akarudia mwaka 1989, na Juha Kankkunen wa Ufini akashinda kwa Delta mwaka 1991. Tena huko Nairobi, mwaka 1970, chama cha wenye motokaa za Alfa Romeo kilianzisha mashindano ya uzuri wa motokaa yaitwayo Concours d’Elegance. Hapo hapana mbio. Waamuzi huzunguka, huinama, huchungulia chini ya bodi na ndani ya boneti, wakitoa alama kwa utunzaji. Kwa hiyo ziko motokaa za Italia zilizobaki katika nchi zetu, nyingine zimetunzwa vema, na nyingine zimelala chini ya miti zikingoja mtu.

Moja katika hizo zilizolala ilitaka kutupotezea ng’ombe 12 hapa petu.

Kijana mmoja tuliyemfundisha tangu darasa la kwanza alikuwa fundi wa motokaa, mwenye mkono mwepesi na sikio la kusikia injini kama daktari asikiavyo kifua. Alikuja siku moja jioni, akatuamkia, akatuonyesha picha ya Alfa Romeo ya milango miwili iliyokuwa ikiuzwa katika nchi jirani. Muuzaji alisema ni GTA, tena ni kitu adimu. Inauzwa kama ilivyo, kwa mtu atakayeitengeneza. Bei aliyotaka ilikuwa kubwa kwetu, lakini ndogo mno kwa GTA ya kweli. Kijana alikuwa amekwisha kusema na baba yake na mjomba wake, nao walikuwa karibu kukubali kuuza ng’ombe 12. Ng’ombe hao hawakuwa mali ya kuchezea. Waliingia zizini kwa mahari ya dada yake, na walikuwa wakingoja kutoka kwa mahari ya mdogo wake.

“Mwalimu,” alisema, “nikiitengeneza hii, tutanunua ng’ombe mia.”

Hatukumkataza. Kijana mwenye ufundi akinyimwa jambo bila kuelezwa sababu, hulitafuta gizani. Tulikaa naye kitako, tukafungua daftari, tukaandika maswali, naye akatueleza yaliyohusu ufundi, kwa maana katika hayo yeye ndiye mwalimu.

Swali la kwanza: je, kitu hiki ndicho kiitwacho kwa jina hilo? Alfa Romeo ya GT, ambayo umbo lake lilichorwa na Giorgetto Giugiaro alipokuwa katika karakana ya Bertone, ilianza kuuzwa mwaka 1963, na ikafanyizwa kwa maelfu mengi. Ile ya GTA ilitokea mwaka 1965, kwa ajili ya mashindano, na zile za injini ya lita 1.6 zilikuwa 500 tu. Herufi ya mwisho ni ya neno la Kiitalia lenye maana ya “iliyopunguzwa uzito”. Bodi yake ya nje ilikuwa ya aluminiamu mahali pa chuma, hata ikawa nyepesi kuliko ndugu zake kwa kilo 200 hivi. Na injini yake ilikuwa na plagi mbili kwa kila silinda, yaani plagi 8 kwa silinda 4. Kwa kuwa zote zafanana kwa macho, wako watu wengi duniani waliozivika GT za kawaida nguo za GTA. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Na hiki kilikuwa kimetembezwa mpaka Mhunze.

Swali la pili: kuoza kumefika wapi? Lori huwa na fremu yake chini, na bodi imekaa juu, hata bodi ikiliwa na kutu lori laweza kwenda. Motokaa hii haina fremu ya namna hiyo. Bodi, sakafu na kingo za chini ya milango ndizo fremu. Kutu ikila hapo, ni kama mchwa aliyekula nguzo za nyumba: ukuta waweza kuonekana mzima huku paa lingoja upepo. Na kutu haionekani yote. Kikulacho ki nguoni mwako.

Swali la tatu: vipande vitatoka wapi, na kwa fedha gani? Injini ya Alfa ni ya aluminiamu. Ikiwa ilitiwa maji ya kisima miaka mingi bila dawa ya kuzuia kutu, njia za maji huliwa kwa ndani. Vipande vyake viko Ulaya, na kila kimoja kina bei yake, usafiri wake na ushuru wake. Kijana alikadiria kwa uaminifu, na alipojumlisha aliweka kalamu chini. Gharama ya kutengeneza ilizidi bei ya kununua zaidi ya mara mbili, na hapo mikono yake mwenyewe haijahesabiwa hata senti moja. Bwana wetu alikwisha kutufundisha habari ya mtu atakaye kujenga mnara, kwamba akae kwanza ahesabu. Wala hatujui mahali ambapo fundisho hilo lafaa kuliko mbele ya motokaa mbovu.

Swali la nne ndilo tulilomwachia alijibu nyumbani: ni mali ya nani itakayowekwa rehani, naye mwenyewe ameulizwa? Maana baba aliulizwa, na mjomba aliulizwa, lakini mdogo wake, ambaye arusi yake ilikuwa imefungwa katika shingo za ng’ombe wale, alikuwa hajaambiwa neno.

Kijana alikwenda kuitazama. Alisafiri kwa basi, na mfukoni alichukua kitu kimoja tu cha ufundi, yaani sumaku ndogo aliyoing’oa katika spika ya redio iliyokufa. Sumaku hushika chuma, wala haishiki aluminiamu. Aliiweka juu ya mlango, ikashika. Akaiweka juu ya boneti, ikashika. Akafungua boneti, akahesabu plagi, zikawa 4. Kisha akainama ndani, akaiweka juu ya sakafu penye miguu ya dereva, mahali ambapo hata GTA yenyewe ni chuma, nayo sumaku ikaanguka. Alipokwaruza kwa kucha aliona kitambaa kilichopakwa gundi na kufunikwa kwa rangi nyeusi, na chini ya kitambaa hapakuwa na kitu ila mwanga wa nje. Palipopasa isishike, ilishika. Na palipopasa ishike, haikushika.

Hakuinunua. Alirudi Mhunze siku ya tatu, vumbi mpaka nyusini, akaja kwetu kabla ya kufika kwao. Hatukumwona mwenye furaha ya mtu aliyeponea chupuchupu. Alikuwa na huzuni ya kweli, maana aliipenda motokaa ile. Alisema hata ikiwa si GTA, mistari yake ilikuwa mizuri, na usukani wake wa mbao ulikuwa umechakaa mahali ambapo mikono ya watu ilishika kwa miaka hamsini. Sisi hatukumcheka. Kupenda kitu kilichofanyizwa vema ni nusu ya ufundi. Nusu ya pili ni kukubali sumaku isemavyo. Ng’ombe walibaki zizini, na wakatoka kwa kazi iliyowangoja.

Tusidhaniwe kuwa twawafundisha vijana kuogopa kila kitu kibovu. Nchi yetu yenyewe inao mfano ulio mkubwa kuliko motokaa zote. Mwaka 1913 Wajerumani walijenga meli huko Papenburg, wakaibomoa vipande vipande, wakavitia katika masanduku, wakavileta Dar es Salaam kwa bahari na Kigoma kwa reli. Ikaundwa tena ikashushwa katika ziwa la Tanganyika mwaka 1915, ikiitwa Graf von Goetzen. Mwezi wa Julai 1916, katika vita kuu ya kwanza, walipoona watashindwa, waliizamisha kwa mikono yao wenyewe ili isitekwe. Lakini kabla ya kuizamisha mafundi waliipaka injini yake grisi nzito. Meli ikalala majini. Mwaka 1924 Waingereza waliiinua, wakaisafisha, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba, ikachukua watu na mizigo kwa miaka mingi sana baada ya wote walioizamisha kufa.

Tazama tofauti. Meli ile ilikuwa chini ya maji, na motokaa ile ilikuwa chini ya mti. Lakini ya majini ndiyo iliyokuwa nzima, kwa sababu aliyeiacha alimfikiri atakayeiokota. Wale mafundi hawakujua kama atakuwa Mjerumani au Mwingereza au Mha wa Kigoma. Walijua tu kwamba injini ni kazi ya mikono ya watu, na kazi ya mikono ya watu haifai kuachwa ioze. Na aliyefunika tundu la sakafu kwa kitambaa na rangi, yeye naye alimfikiri atakayekuja, lakini kwa namna nyingine.

Hivyo twaona kwamba thamani ya kitu kibovu hushikwa na watu wawili, yule anayekiacha na yule anayekichukua. Anayekichukua yampasa ajue jina lake la kweli, ajue kuoza kumefika wapi, ahesabu mpaka mwisho, tena aulize mali ni ya nani. Akiyafanya hayo, hata bati lililokunjamana laweza kuwa na thamani kubwa, kama wale wa Monterey walivyoona, kwa maana hawakudanganywa: waliambiwa imeungua, wakaambiwa injini si yake, na juu ya ukweli huo wakapanga bei. Akiyaacha, hata motokaa inayong’aa itamla.

Lakini katika nchi hii wanaonunua ni wachache kuliko wanaoacha. Kila mmoja wetu anacho kitu atakachokiacha, iwe cherehani ya mama, baiskeli, jembe la kukokotwa na ng’ombe, au mashine ya shule. Mali bila daftari hupotea bila habari. Basi siku tutakapoviweka chini vyombo vyetu, tuvipake mafuta, tukaandike penye karatasi ni kitu gani, kilinunuliwa mwaka gani, na kimepungukiwa nini. Atakayekuja nyuma yetu hatahitaji kukwaruza kwa kucha.